Wenye Mikia Mitatu

Mkonge uliolowekwa unanuka vibaya, wala sibishani na anayesema hivyo. Lakini harufu ile ikinifikia popote nilipo, moyo wangu hurudi nyumbani mbio. Nilikulia Kola, huko Machakos, kwenye shamba la mteremko ambalo chini yake kilipita kijito chembamba. Kila kiangazi nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba humwita Susu, alikata majani ya mkonge pamoja na wanawake wenzake wa mwethya, kikundi chao cha kufanya kazi kwa zamu. Waliyafunga mafungu na kuyazamisha kijitoni kwa mawe, yakaoza hadi zikabaki nyuzi nyeupe za kusukia vyondo, vikapu vyetu vya kubeba begani. Mama zao walifanya vivyo hivyo. Harufu ilituganda kwenye nguo na nywele, tukaingia nayo hadi kanisani, na hakuna aliyeona aibu kwa sababu kanisa zima lilinuka mkonge.

Nilipokuwa darasa la sita, miaka ya tisini ikielekea kwisha, mvua ilichelewa na kijito kikanywea. Maji tuliyochota yakawa ya kahawia yenye povu, na watoto wadogo wakaanza kuharisha. Wa kulaumiwa alipatikana upesi. Juu zaidi, kabla maji hayajafika kwenye mkonge wa Susu, baba yake rafiki yangu Wambui alikuwa amekodi shamba la nyanya. Familia yao ilikuwa ya wageni kutoka upande wa Thika, na kama mkulima yeyote wa nyanya alipiga dawa. Basi ni dawa yake, watu wakasema, na naibu wa chifu akaitisha mkutano kando ya kijito Jumamosi. Kila mtu alijua familia ile ingeambiwa ifungashe. Wambui ndiye tuliyeketi naye dawati moja na kugawana naye viazi vya chakula cha mchana. Nililia sana, kisha nikakasirika, na hasira yangu tangu utotoni haijui kukaa kitako.

Nilimwendea mwalimu wetu wa sayansi. Alikuwa ametufundisha kwamba chini ya mawe ya kijito kuna wadudu bapa, wadogo kuliko punje ya mtama, wenye mikia mitatu myembamba kama uzi, na kwamba maji yakichafuka hao ndio hutoweka kwanza. Ijumaa baada ya masomo alitupeleka na beseni jeupe na chujio la chai. Tulianzia juu ya shamba la nyanya. Wambui aligeuza jiwe, akalisuuzia ndani ya beseni, akapiga kelele: "Wako!" Tukashuka hadi chini ya shamba hilo. Hapo alikataa kuinama, nikageuza jiwe mimi. "Wambui, wako! Wamejaa!" Tulikumbatiana ndani ya maji hadi sketi zikalowa. Kisha tukashuka chini ya pale palipolowekwa mkonge. Mawe yalikuwa na utelezi wa kijivu, na beseni lilibaki na minyoo myekundu peke yake. Rafiki yangu alikuwa amepona, na Susu wangu ndiye aliyekuwa akichafua maji.

Siku ya mkutano mwalimu aliwaeleza watu habari za wadudu wale, akaomba turudie kazi ile mbele yao. Tuliweka mabeseni matatu miguuni pa Susu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya na neno lake lilikuwa na uzito. Aliinama, akatazama la kwanza, la pili, la tatu. "Na hawa wa mikia, huku chini wameenda wapi?" aliuliza. Akageuka, akautazama mkonge wake, kisha akajipiga paja.

"Woi! Kumbe ni sisi! Hii chai yote tumekunywa ilikuwa supu ya mkonge?" Watu waliangua kicheko, hata naibu wa chifu. Susu hakucheka. "Baba Wambui hana makosa. Hakuna mtu anahama hapa. Jumatatu tunachimba shimo ya mkonge kule juu kwa shamba, mbali na maji. Nani ako na jembe?"

Wa kwanza kufika Jumatatu alikuwa baba Wambui, jembe begani na ndoo ya nyanya mkononi. Mvua ziliponyesha na kuosha kijito, mimi na Wambui tulikwenda kila siku kugeuza mawe pale chini, hadi jioni moja mdudu mmoja akatembea juu ya kidole chake, mikia mitatu yote. Tulipiga ukelele ambao ulimleta Susu mbio na fimbo, akidhani ni nyoka.

Leo kupima vijito ndiyo kazi yangu, na nina vifaa ambavyo mwalimu wetu hakuwahi kuviota. Navibeba ndani ya kiondo cha Susu, ambacho kikilowa bado kinanuka kwetu. Mwaka jana nilirudi Kola. Susu hayupo tena, mashamba yamegawanywa vipande vipande, na kijito ni chembamba kuliko nilivyokikumbuka. Niliacha vifaa kwenye kiondo, nikaingia majini pale palipokuwa na mkonge, nikageuza jiwe kwa mkono. Kisha nikampigia simu Wambui, ambaye siku hizi anauza nyanya za shamba lile lile sokoni Machakos. Hakunisalimia hata.

"Wako?" aliuliza.

"Wako," nikamwambia. "Wamejaa." Akapiga ukelele ule ule, sokoni, mbele ya wateja wake.