Mnara Uliorukuu

Jamani, hebu sikieni ya leo.

Leo asubuhi nimemaliza kuupima kwa kompyuta mnara wa chuma unaobeba tangi la maji la msikiti wetu hapa Shumba. Unauchora, programu inaugawa vipande vidogo vidogo, unautwika tangi lililojaa, halafu inakwambia wapi chuma kitaelemewa.

Jibu: mzima kabisa!

Kwa furaha nikamrushia picha Ami Khamis, msimamizi wa msikiti. Picha tupu, bila maelezo.

Sasa, programu hizi huukuza mpindo mdogo mara mamia ili jicho liuone. Kwenye picha mnara umeinama, na rangi nyekundu pale tu panapobeba uzito zaidi.

Adhuhuri nafika msikitini. Tangi liko chini. Mnara umelazwa mchangani!

"Ami! Mmefanya nini?"

"Mwanangu, picha yako inaonesha mnara umerukuu. Ulitaka tungoje usujudu?"

Wallahi nilicheka. Nikaanza kumweleza kwamba picha imekuzwa tu, mnara hauna neno.

Mara nikaona una miguu mitatu.

Wa nne umebaki kwenye zege. Walipouinua mnara tu, mguu huo ukakatika. Nje rangi safi, ndani umeliwa wote na kutu ya chumvi.

Na hapo chini ya mnara ndipo watoto wa chuo cha Kurani wanapotilia udhu kila siku.

Kompyuta haikukosea. Mimi ndiye niliyeiambia kwamba chuma ni kipya.

Sasa nishaurini: nani atamwambia Ami kwamba picha hakuielewa?