Uso Ambao Nzuki Aliuahirisha

Saa mbili asubuhi, Nzuki anasimama mbele ya turubai katika karakana ya misheni, Matinyani. Anaidondoshea rangi ya udongo mafuta ya kitani, anakoroga, kisha anasita. Mbele yake ameketi dada yake, Mbinya, aliyeambiwa asitikisike.

"Shingo inaniuma," Mbinya analalamika.

"Vumilia. Paji la uso ni la mama kabisa."

Mama yao, Kalondu, alifariki mwaka 1936, miaka miwili iliyopita.

Nzuki, mwenye umri wa miaka 31, ni fundi wa milango na madawati. Siku moja alikwenda kwa mmisionari kurekebisha dirisha, akakuta sebuleni picha ya kale ya rangi za mafuta: bibi kizee wa Ulaya mwenye kola nyeupe. Akaganda, nyundo mkononi. Mke wa mmisionari akamruhusu aje kila Jumamosi kuinakili.

"Mke wa mmisionari aliniambia nisichore pua, nichore kivuli chake," Nzuki anakumbuka.

Akaanza na giza, mwanga akauweka mwisho. Kola peke yake ilimchukua miezi mitatu. Picha nzima, miezi kumi na minne.

Kalondu alikuja kuiona. Aliitazama weee, kisha akauliza, "Huyu ni mama ya nani?"

"Sijui, mwaitu," Nzuki akamjibu, kama Wakamba wanavyomwita mama.

"Na mimi utanichora lini?"

Akamwambia asubiri. Alijua kuchanganya rangi ya mashavu ya yule Mzungu tu. Ya ngozi ya mama yake hakuijua, na aliogopa kumharibu. Akarudi kwa bibi wa kola, safari hii kunakili mikono. Mvua zilipoanza, Kalondu alishikwa na malaria. Siku ya tano akafa.

"Ningemchora hata vibaya," anasema Nzuki, akipangusa brashi. "Nikifumba macho, makunyanzi ya yule bibi nayaona yote. Ya mama yangu siyaoni."

Hii ni mara ya tatu anamkalisha Mbinya. Kila mara, kuanzia machoni kushuka, anayetokea ni Mbinya.

Leo anaweka brashi chini. Upande wa mama amebaki mama mdogo, Nthenya, anayeishi Tawa. Amemtumia habari, naye amejibu: aje kabla yeye Nthenya hajaanza kupalilia shamba.

"Wiki ijayo nakwenda," anasema. "Sitamtafuta mama usoni mwake. Nitamchora yeye mwenyewe, wakati bado anaweza kuniambia nimekosea wapi."