Pua ya Ghala la Karafuu

Tarehe 4 Juni 1779, mnusaji wa ghala la karafuu la Kampuni ya Waholanzi ya biashara ya viungo, hapa Amsterdam, alitimiza miaka thelathini na mmoja kazini bila kukosea kisiwa hata kimoja. Haombi kuona hati. Hufikicha punje tatu kwa vidole vilivyokauka kama gome, hufumba macho, kisha hutaja kwa sauti ya chini kisiwa zilikotoka: Ambon, Saparua, Haruku. Trijntje, msimamizi wa wanawake wanane wanaochambua karafuu, mpaka leo huweka ungo chini amtazame, kana kwamba kisiwa kimeitwa na kimeitika.

Siku hiyo dalali alileta kifuko kilichonunuliwa kwa Wafaransa. Ikiwa karafuu zile ziliibwa visiwani mwetu, angesakwa mwizi tu. Ikiwa Wafaransa wamepanda zao, Kampuni haingeuza tena peke yake duniani.

"Sema za Ambon, babu," Trijntje alinong'ona. "Wanangu hawashibi kwa harufu."

"Ungeniomba koti ningekupa, binti. Pua hapana."

Akafikicha tatu, na tatu nyingine. Akatafuna moja, jambo ambalo Trijntje hakuwahi kumwona akilifanya, na safari hii akasahau kufumba macho.

"Mti ni wetu," alisema. "Udongo siujui. Na ni nzuri, Trijntje. Nzuri kabisa."

Hata Trijntje alijikuta akiinama kunusa. Dalali akaandika yote kama yalivyosemwa. Bei itashuka, na Jumatatu Trijntje na wenzake wanne wataachishwa kazi.