Onyo Lililobaki Utange

Zahanati yetu ya Utange ilipopata programu ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa, mkuu wetu alisoma dua kabla hatujawasha tableti. Alikuwa mama mtu mzima wa ukoo wa zamani wa Kisauni, muuguzi hodari, mwenye adabu kupita kiasi. Programu yenyewe ilikuwa ya bure. Waliiandika watu wa nchi mbalimbali wasiotujua, wakaiacha wazi mtandaoni: anayeitaka aichukue, anayeona kasoro awaambie. Hilo la kuchukua tuliliweza vizuri sana.

Kasoro ilijitokeza mapema. Ukiandika onyo kwamba mgonjwa anadhuriwa na dawa fulani wakati mtandao umekatika, onyo lilibaki kwenye tableti yako peke yake. Mtandao ukirudi, jina lilikwenda, umri ulikwenda, hata namba ya simu ilikwenda, lakini onyo halikwenda. Zahanati za Likoni, Miritini na Changamwe zilitumia programu hiyo hiyo, na zikimfungua mgonjwa huyo zilimwona hana neno. Na Utange, mtandao kukatika si habari.

Kutunza tableti ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo niliwaandikia wenye programu mstari mmoja: maonyo hayaonekani, tusaidieni. Wakajibu kwa upole. Mnatumia toleo gani? Mlifanya nini kabla? Mlitarajia kuona nini, mkaona nini? Nilikuwa naandaa majibu mkuu aliposimama nyuma yangu akasoma.

"Mwanangu, kitu hiki tumepawa kwa hisani," alisema. "Leo uwaandikie kwamba walichotupa ni kibovu? Watatuonaje?"

"Mama, wenyewe ndio wanaouliza."

"Wanauliza kwa ustaarabu wao. Nasi tuna wetu."

Akaichukua tableti, akaandika mwenyewe kwamba tunashukuru na mambo ni sawa, alhamdulillahi. Wale watu wakaifunga taarifa yetu. Kwa nini wasiifunge?

Basi tukaishi kwa ujanja. Zahanati zetu zilikuwa na kundi la simu, na humo kila mtu alileta wake. Sisi tuliandika onyo kwenye nafasi ya mtaa: "Utange PEN", maana yake mgonjwa asipewe penisilini. Likoni waliandika kwenye nafasi ya jina la jamaa. Miritini waliweka nyota mbele ya jina. Kila ujanja ulimiminiwa maua na vidole gumba, kisha ukasahauliwa na wote isipokuwa aliyeubuni. Nilikereka, nikasema, nikaambiwa nina mdomo.

Mama yangu alikuwa na mdogo wake wa mwisho, ndiye aliyenilea mama akiwa kiwandani. Akiniona na tableti aliniita daktari wa vioo. Penisilini ilikuwa karibu imuue akiwa msichana. Onyo lake niliandika mimi, mtandao umekatika kama kawaida yake, nikaongeza na ule ujanja wetu kwenye nafasi ya mtaa.

Akavuka kwenda Likoni kusaidia kupika kwenye arusi. Huko koo likamvimba, homa ikampanda mpaka akawa anaweweseka. Wenyeji wake walimpeleka zahanati, nao hawakujua lolote kuhusu dawa. Muuguzi alimfungua kwenye tableti, hakuona onyo. Akatazama nafasi ya jamaa, walikozoea kuandika wao, akakuta jina langu tu. "Utange PEN" aliiona pia. Alidhani ni jina la mtaa.

Akamchoma sindano. Mama mdogo hakufika hospitali kubwa. Tulimzika alasiri ile ile.

Mkuu alikuja matangani. Alinishika mkono akasema ni kazi ya Mungu.

"Mungu simkatai, mama," nikamwambia. "Lakini hili tulikuwa na wa kumwambia."

Akalia. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, ingawa najua hakuwa na ubaya moyoni; aliogopa tu kumuaibisha aliyetutendea wema.

Nikiwa bado matangani niliandika taarifa upya, safari hii kama walivyotaka. Toleo la programu. Zima mtandao, andika onyo, hifadhi, washa mtandao, mfungue mgonjwa kwenye tableti nyingine. Tulitarajia onyo lionekane, halikuonekana. Mwisho nikaeleza kilichotokea Likoni. Mwanamke mmoja miongoni mwao alijibu siku hiyo hiyo. Kosa alilipata haraka, lilikuwa dogo. Aliandika kwamba laiti wangejua, na akaomba radhi, yeye ambaye hakuambiwa. Marekebisho yalifika kabla ya khitma kusomwa.

Tulipoyaweka, maonyo yote yaliyokwama kwenye tableti zetu yaliondoka kwa pamoja kwenda kwingine. Mchana huo yule muuguzi wa Likoni alinipigia. Tangu msiba tulikuwa hatujasemezana.

"Kaka yangu," alisema, "hapa yameingia maonyo mapya, mekundu. La juu kabisa ni la mamako mdogo. Limeandikwa asipewe penisilini. Nifanyeje nalo?"

"Soma yanayofuata," nikamwambia. "Hao wako hai."