Kuhamisha Maneno ya Mama

Mama yangu hakuwahi kuandika kitabu, lakini aliandika chini ya blogu yangu. Kila nilipoweka kisa kipya, kabla hata marafiki zangu hawajasoma, yeye alikuwa ameshafika kwenye sehemu ya maoni. Alianza kwa salamu: "Nawasalimu nyote mnaosoma hapa. Mimi ni mama wa huyu." Jina lake lilikuwa papo hapo juu na wasomaji walishamzoea, lakini kwake kuingia mahali penye watu bila kusalimu na kujitambulisha ni kukosa adabu. Akishamaliza salamu, ananigeukia mimi.

Niliandika sana kuhusu utoto wetu Kisumu Ndogo, pale Kibera, alipokuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya njia. Nikisema nilikuwa nikiamka alfajiri kumsaidia kupanga meza, yeye huku chini: "Hapo mwanangu ameongeza chumvi. Alikuwa analala mpaka jua linamchoma." Mwanzoni nilikasirika. Nani anapenda kusutwa na mamake mbele ya wageni? Lakini wasomaji walimpenda kuliko walivyonipenda mimi, na mwishowe nikawa naongeza chumvi makusudi, nione atasema nini.

Alimalizia na mdogo wake, mama mdogo wangu anayeuza makaa na mboga za sukuma Silanga, huko huko Kibera, karibu na bwawa. "Na wewe mdogo wangu, najua unasoma. Umekula?" Mama mdogo alikuwa anasoma kweli, maana Mama alihakikisha simu yake inapata ujumbe kila kitu kikiandikwa pale. Ila hakujibu hata siku moja. Alisema hawezi kumjibu dada yake mbele ya halaiki. Alikuwa anafunga kibanda, anachukua fungu la sukuma, anatembea mpaka Kisumu Ndogo kumjibu ana kwa ana.

Mama alifariki mwaka jana. Tulimpeleka nyumbani kwetu, ng'ambo ya Kisumu, tukamzika. Simu yake ilipotea katika pilkapilka za matanga, na sauti yake iliyorekodiwa humo ikaenda nayo. Niliporudi Kawangware ninakoishi sasa, nilikuwa na leso yake na yale maneno kwenye blogu. Sikuandika kisa kingine. Ningeandika cha nini, na huko chini kumenyamaza?

Kisha kampuni iliyokuwa inahifadhi blogu ikatangaza kwamba inafunga kazi. Kila mtu ahamishe mali yake, kitakachobaki kitafutwa. Nilienda kwa mama mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta na mtandao, hapo kituo cha Kawangware 56, ukuta mmoja na saluni. Nilimweleza wazi.

"Visa vyangu vikipotea si shida. Maneno ya mamangu usiache."

"Usijali, madam. Tunabeba kila kitu. Hata anwani itabaki ile ile."

Alifanya kazi yake kwa uangalifu huku mashine za kukausha nywele zikinguruma upande wa pili wa ukuta. Alipomaliza akaniambia, "Imeingia yote. Hebu cheki na simu yako."

Nikacheki. Mama alikuwepo. Anasalimu, ananisuta, anauliza kama mdogo wake amekula. Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa, na kila mahali yupo. Nililia palepale kwenye kiti cha wateja, na yule mama akanipa tishu. Tukafunga akaunti ya zamani.

Wiki hiyo hiyo mama mdogo akanipigia.

"Nimefungua hiyo nyumba yako mpya. Yako naiona. Ya dada iko wapi?"

"Iko hapo chini, mama mdogo. Shuka tu."

"Nimeshuka mpaka mwisho. Hakuna mtu."

Nilirudi saiba mbio, nimevaa ndala za bafuni. Yule mama alifungua blogu kwenye kompyuta yake, akashika mdomo. "Woi! Tuliangalia na simu yako pekee." Simu yangu, kama za wengi wetu mtaani, nimeiweka ibane bando la intaneti. Ukurasa ukishaufungua inauhifadhi, kesho inakuonyesha ule ule bila kwenda mtandaoni. Siku ile nilikuwa nimeona nyumba ya zamani, ndani ya simu yangu mwenyewe. Visa vilihama, na hata wasomaji wa kupelekewa ujumbe walihama. Maoni yalikuwa kwenye faili lingine, nalo liliachwa nyuma na sasa lilishafutwa.

Tulipokuwa tukihama vyumba Kibera, na tulihama sana, Mama hakuwa akifunga mlango kabla hajamwita jirani aingie aangalie chumba kitupu. "Anayehama macho yake yamezoea, hayaoni," alikuwa anasema. Jirani angeingia na kutoka na mwiko wetu, au kioo kilichosahaulika ukutani. Nililikumbuka hilo nikiwa nimesimama pale saiba, na uchungu ulionishika sitaki kuuelezea.

Nilizima data nikaanza kuokoa. Kurasa nyingine zilikuwa zimeshajisasisha zenyewe, Mama hayumo tena. Zilizobaki nilizipiga picha, nikaenda nyumbani, nikakaa na leso yake mapajani, nikaandika upya maneno yake kwa jina lake, moja moja, chini ya kila kisa. Sikurekebisha kosa lolote. Alipoandika "mwanagu" nikaacha "mwanagu".

Sikujua kwamba kompyuta haijui msiba. Kila nilichoandika ilikipa tarehe ya leo, na kila mara ikawatumia ujumbe wale wanaofuatilia. Niligundua nikiwa nimeshamaliza. Huko Silanga, katikati ya kupima makaa, simu ya mama mdogo ilikuwa imemwambia kwamba dada yake ameandika sasa hivi. Kwetu jina la marehemu si la kuchezewa. Nilimpigia, hakushika. Nikapiga tena, hakushika.

Jioni niliazima simu ya jirani, maana yangu siiamini tena, nikafungua kile kisa cha kuamka alfajiri. Mama alikuwa hapo, na salamu zake na chumvi yangu, na swali lake la mwisho. Chini yake kulikuwa na maneno mengine ambayo sikuyaandika mimi.

"Nawasalimu nyote mnaosoma hapa. Mimi ni mdogo wake. Nimekula, dada. Wewe lala."