Mashine ya Loshoro

Lesian hakuwa na shida na darasa zima. Shida yake ilikuwa Agnela. Agnela ambaye baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Agnela ambaye akinyoosha mkono tu, walimu wanatabasamu kabla hajafungua mdomo. Tangu wiki ya kwanza ya chuo Lesian alimwonea wivu, na wala hakujua kuuficha. Msichana akisifiwa, yeye ananuna mpaka jirani yake anahama kiti.

Katika somo la usanifu la mwaka wa kwanza, Madam Evaresta aliwapa kazi moja: watengeneze kifaa cha kumpunguzia kazi mtu halisi, na mtu huyo ndiye atakayechagua kilicho bora mbele ya darasa. Lesian akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Akamtaja mama yake, Namelok, muuza loshoro wa soko la Kwa Mrombo. Kila asubuhi mama huyo huponda mahindi yaliyochemshwa, akayachanganya na maziwa ya mgando kwenye sufuria kubwa, kisha akayamimina kwenye ndoo za kupeleka sokoni. Madam alikubali, ila akasema kila mteja atapata makundi mawili. La pili likawa la Agnela.

Lesian alicheka moyoni. Huyu Mchaga atamjua mama yangu kunishinda mimi?

Kazi ilitakiwa kuanza kwa kumhoji mteja. Kundi la Lesian lilijibiwa maswali yote na Lesian mwenyewe, palepale kantini, huku anakula chapati. Agnela alikwenda sokoni kwa mama huyo, akaenda tena mara ya pili. Jumamosi moja Lesian alifika nyumbani Terrat akamkuta jikoni kwa mama yake, kakaa kwenye kigoda, anaponda mahindi, kachafuka hadi viwiko. Lesian mwenyewe jiko lile hakuwa ameliingia tangu atoke jando. Mwanaume mzima hakai kwenye mafiga ya mama yake. Basi akasimama mlangoni, damu inamchemka. Wakati wa kuaga, Agnela aliinamisha kichwa kama wafanyavyo watoto wa pale, na mama akamwekea mkono wa kushoto juu ya nywele akimtakia njia njema.

"Nani kakufundisha hivyo?" Lesian alimuuliza nje, kama mtu aliyeibiwa.

"Mama yako. Kwani wewe ulimuuliza nini kuhusu kazi yake?"

"Nimuulize nini? Mimi namjua."

Akaingia kazini kwa hasira. Alitafuta baiskeli kuukuu, akaifunga kwenye fremu, akaunganisha mnyororo na mwiko mkubwa wa chuma. Ukikanyaga pedali, mwiko unazunguka ndani ya sufuria na kuponda kila kitu. Ilikuwa mashine nzuri, tusimnyime haki yake. Alipoona kifaa cha Agnela, alicheka hadi akashika mbavu: fremu ya mbao na vyuma chakavu, bawaba mbili na mpini. Duka zima la baba, na hata rangi hakupaka!

Siku ya kuchagua, mama alifika karakana ya chuo amevaa kitenge kipya na shanga zake za kanisani. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo mama," akawaitikia. Lesian akamshika mkono hadi kwenye baiskeli.

"Karibu, mama. Panda, ukanyage tu."

Mama aliangalia tandiko. Akawaangalia wale vijana. "Mwanangu, nipande hapa katikati ya soko, mguu huku na mguu huku, wazee wa kanisa wakipita?"

Darasa likaangua kicheko. Lesian alitamani sakafu impasukie.

Ikawa zamu ya Agnela. Mama alisukuma mpini kwa nyonga, sufuria iliyopachikwa kwenye fremu ikainama yenyewe, loshoro ikateremka kwenye ndoo. Akarudia. Akacheka kwa sauti ambayo Lesian hakuwa ameisikia siku nyingi.

"Nachukua hiki."

"Mama, hicho hakipondi!" Sauti ya Lesian ilipanda kama ya mtoto. "Hakifanyi kazi yoyote!"

"Kuponda naweza, hata kwa mkono wa kushoto. Kuinua sufuria ndiko kunanishinda. Bega hili la kulia haliinuki tangu nilipoteleza kwenye tope, mvua za mwaka jana."

Mvua zile Lesian alikuwa nyumbani. Alikula loshoro ya mama kila siku.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe si mwanaume sasa? Nije nikulilie wewe?" Akamgeukia Agnela. "Huyu aliniuliza."

Madam alitangaza mshindi, watu wakapiga makofi. Lesian hakulionea tena wivu lile duka, wala zile sifa za walimu. Alimwonea Agnela wivu wa swali moja alilomuuliza mama yake, na wivu huo uliuma kuliko ule wa kwanza.

Mama alipokuwa anaondoka, Lesian alimfuata mlangoni. Akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke jando: aliinamisha kichwa, darasa zima likimtazama. Mkono wa kulia wa mama uliinuka, ukafika kifuani, ukakwama hapo. Lesian alibaki ameinama. Mama akamgusa kwa ule wa kushoto.