Kanda Iliyopigwa Pasi

Baba yangu amepiga pasi nguo za watu kwa miaka thelathini na moja, katika chumba cha dobi cha hoteli, chini kabisa ya jengo, mahali pasipo na dirisha hata moja. Wenzake wanamwita Mkunjo, kwa sababu akiona shati limejikunja, hata mgongoni mwa mtu asiyemjua, mkono unamwasha. Siku yake ya mapumziko ni Jumatatu. Jumatatu ninayoieleza ilikuwa katika msimu wa joto, shule zimefungwa, nami mwalimu nimebaki nyumbani sina wa kumfokea isipokuwa yeye.

Akiwa mapumzikoni baba hutembea kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Tulitoka asubuhi na orodha yetu: dawa za mama, viatu vyangu kwa fundi viatu, visu viwili vya kunolewa. Jua lilikuwa limeshaijaza barabara, maduka yameshusha mapazia yao, na sauti za watu zilitufikia kutoka mbali hata kama walikuwa jirani. Kila penye kivuli baba alisimama kidogo, akatabasamu bila sababu.

"Baba, kwa mwendo huu tutafika kesho," nikamwambia.

"Kesho niko kazini. Leo niache nifike nitakapofika."

Anakokwenda nilikujua. Visu na viatu vilikuwa visingizio tu. Safari yenyewe ilikuwa ya kwa fundi redio, kuichukua redio kaseti yetu ya zamani iliyokuwa imelala kwake wiki tatu. Mfukoni mwa shati baba alikuwa na kanda moja, na kila baada ya hatua chache aliigusa kuhakikisha ipo.

Nilipokuwa na miaka saba, redio ilikuwa na mchezo wa kuigiza kila Alhamisi jioni. Baba aliupenda mno. Aliazima kinasa sauti kwa jirani, akakiweka mezani mbele ya redio, akabonyeza kitufe, na kuanzia hapo nyumba nzima ilikuwa chini ya amri yake, maana kila kitu kiliingia humo, hata kikohozi. Kanda nyingine zote zimepotea. Hii moja aliipata kwenye kopo la vifungo mwezi uliopita, na tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine.

"Mama yako anaongea humu," aliniambia tena, tukiwa kivulini mwa ukuta wa posta. "Mwanzoni kabisa. Anasema kitu, halafu anacheka. Nakumbuka kama jana."

Mama alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Miguu ilirudi, mkono ukarudi nusu, maneno hayakurudi. Na mama alikuwa msemaji haswa. Wauza mboga walikuwa wakimwona wanapunguza bei kabla hajafungua kinywa, kuokoa muda. Sasa anaelewa kila kitu na hasemi chochote. Nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake, na jambo hilo lilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo ingawa nilimcheka baba njia nzima, kanda ile niliitaka kama yeye.

Fundi redio ni mtu mpole ambaye miwani yake imefungwa kwa waya. Aliipokea kanda kwa mikono miwili, akaitia, akabonyeza. Ukatoka muziki wa kufungulia mchezo. Baba akafumba macho, na mimi pia nikaona meza yetu ya zamani, na kitambaa chake cha maua. Halafu muziki ukaanza kuvutika, ukawa mnene, ukakata. Redio ilikuwa imeula utepe.

Fundi aliuchomoa taratibu, kidole kwa kidole. Haukukatika, ila sehemu ya urefu wa mikono miwili hivi ilitoka imejikunja vibaya.

"Pole, mzee. Niachie hapa," alisema. "Nitaunyoosha mwenyewe taratibu, siku mbili tatu. Ila usiuguse."

"Kuunyoosha?" baba akauliza.

"Ndiyo, mzee. Shida ni hii mikunjo tu."

Neno hilo hakupaswa kulitamka mbele ya baba yangu. Baba aliutazama utepe kwa muda mrefu, akamshukuru, akasema ataufikiria nyumbani. Fundi akakisafisha kigurudumu kilichouma utepe, tukaondoka na redio chini ya kwapa na kanda mfukoni.

Mama tulimkuta uani kwenye kiti chake, miguu ndani ya beseni la maji. Nilimpa dawa, nikaenda kujilaza sakafuni kwenye ubaridi. Pazia lilikuwa linavuta pumzi dirishani, na mahali fulani mtu alikuwa anafagia. Nikapitiwa na usingizi. Katika usingizi nilisikia harufu ya kitambaa cha moto, ile harufu ya baba akirudi kazini, nikafurahi. Kisha nikaamka nikakumbuka kwamba leo hakwenda kazini.

Alikuwa mezani. Ametandika leso, juu yake utepe, juu yake leso nyingine, na pasi ameiweka kwenye moto wa mwisho wa chini.

"Baba, hiyo ni plastiki."

"Hata hariri walisema haipigwi pasi. Hariri nimeanza kuipiga hujazaliwa."

Lazima niseme ukweli, alikuwa anaifanya vizuri. Hakuburuta, aliiweka pasi, akaiinua, akaufunua utepe, nao ulikuwa umenyooka kama mpya. Alikuwa amemaliza zaidi ya nusu. Ndipo mama akagonga kijiko kwenye mkono wa kiti, ndivyo anavyoita siku hizi, na baba akageuza kichwa. Pumzi moja tu. Alipoinua leso, kipande cha urefu wa pasi yenyewe kilikuwa kimesinyaa.

"Ni mwanzoni," alisema. "Ni palepale."

Nilifoka. Nilifoka kama ninavyolifokea darasa zima, nikamwambia fundi alimkataza, nikamwambia kwamba si kila kitu duniani ni shati. Alizima pasi, akazikunja zile leso mara nne, pembe kwa pembe, akaketi. Hasira yangu ikaisha nikabaki na huzuni tupu.

Nilimpelekea mama maji aliyoyataka, nikarudi na mkasi. Nilikata kipande kilichoungua, nikaunga ncha kwa selotepu, nikazungusha kanda kwa penseli. Jioni ilikuwa inaingia tulipoiweka redio uani, karibu na kiti cha mama. Baba alibonyeza yeye mwenyewe.

Muziki ukaanza. Kiungo kikapita kwa kishindo kidogo, na upande wa pili muziki ulikuwa ungali unaendelea. Tukatazamana. Pasi ilikuwa imeunguza muziki tu. Baba alishika mkono wa mama. Muziki ukafifia, ikasikika hatua ya mtu ndani ya nyumba yetu, halafu pumzi, ile ya mtu anayetaka kuanza kusema.

"Nyamaza, mama watoto," ilisema sauti ya baba yangu, ya ujana, kali. "Nyamaza bwana. Utaniharibia kanda."

Mlango ukafungwa polepole. Mchezo ukaanza.

Tuliusikiliza wote. Tuligeuza upande wa pili tukausikiliza pia. Hakuna kicheko, hakuna kikohozi, hakuna kijiko kilichoanguka. Wahusika walisema na kugombana kwa ufasaha, na nyuma yao nyumba yetu ilikuwa kimya kabisa, kama alivyotaka. Kazi safi, isiyo na mkunjo hata mmoja. Nilishindwa kumtazama.

Kanda ilipokwisha baba alivuta kigoda, akaketi mbele ya mama, uso kwa uso.

"Ulitaka kusema nini siku ile?" akamuuliza.

Mama alimtazama, akafungua kinywa, akakifunga, akafungua tena. Baba hakumharakisha. Alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikaufunika ua wote, anasubiri jibu.